Pembetatu Kifuani mwa Mama

Mimi sijui kulia na kushoto. Nalisema hili nikiwa na miaka hamsini na mmoja, shahada mbili zikiwa ukutani, na baada ya kulikana kwa miaka isiyopungua arobaini. Si kwamba sijui kabisa. Nikipewa nafasi, nikafumba macho na kufikiria sahani ya wali mbele yangu, mkono mmoja husogea wenyewe, na huo ndio wa kulia. Lakini sahani hiyo huchelewa kufika, na watu hawangoji mtu apakuliwe. Kwa hiyo nimezoea kujibu upesi, kwa sauti ya mtu mwenye hakika, na mara nyingine hupatia.

Kwetu Lamu siri ya namna hii ni rahisi kuifuga. Ukiuliza nyumba ya fulani utaambiwa shuka pwani, au panda juu, au elekea kibla mpaka ufike msikitini. Mtu anaweza kuzaliwa, kuolewa na kuzikwa katika vichochoro vyetu bila kuhitaji kulia wala kushoto. Nilipokwenda chuo kikuu Nairobi nilikwenda na siri yangu. Nilisoma hisabati miaka miwili kabla ya kukimbilia fasihi, na katika hisabati jometri ndiyo iliyonipenda zaidi. Pembetatu haina kulia. Ina A, B na C, nawe waweza kuigeuza utakavyo isikulalamikie.

Mwalimu mmoja wa kuendesha gari alinishuku. Nilimwambia masikio yangu yana maji. Marehemu mume wangu alijua, lakini alikuwa mtu wa kusitiri. Mama alijua kabla ya wote, na habari hiyo nitaifikia, kwa maana ndiyo iliyonikamata.

Mama ana miaka sabini na mitano, na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Kazi yake tangu usichana ni kushona kofia kwa mkono, zile nyeupe za vitobo vidogo vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi mpaka kikaze. Kwa miaka miwili sasa amekuwa akishona kwa kupapasa. Kofia ya mwisho aliyoimaliza, maua yake upande mmoja yalikuwa yamepanda juu ya majani, na aliyeiagiza aliipokea kwa adabu kubwa, akaivaa siku moja, hatukumwona nayo tena. Mama alifahamu. Baada ya wiki nzima akaniita.

"Nawataka hawa madaktari wa mato," akasema. "Dunia sina haja kuiona, nimeiona. Nataka kuona tundu ya sindano."

Madaktari wa macho walikuwa wanakuja kutoka Mombasa kwa wiki moja tu. Jina la mama likaandikwa: Alhamisi asubuhi. Sharti lao kwa wazee lilikuwa moja: kila mmoja apimwe moyo kwanza, ile karatasi ya umeme wa moyo, na majibu yafike kabla ya Jumatano jioni. Asiyekuwa na majibu, nafasi yake apewe anayefuata. Aliyemfuata mama katika orodha alikuwa bibi mmoja wa Ndau, ambaye tayari alikwisha kuvuka na boti na kufikia kwa jamaa zake, akingoja. Sikumwonea uchungu bibi yule. Nilimwogopa.

Jumatatu nikampeleka mama katika zahanati ndogo karibu na nyumbani. Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamume wa bara, mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikono inasimama. Amekaa Lamu miaka mitano na amejifunza kumwita kila mwanamke Bi. Muuguzi wa kike alikuwa ameenda kumwuguza mwanawe. Mama aliposikia kwamba vibandiko vya waya vinawekwa kifuani, juu ya ngozi, alianza kuteremka kitandani.

"Basi," akasema. "Moyo wangu nautambua mwenyewe. Wapiga."

"Bi mkubwa, ngoja," akasema muuguzi. "Tutafanya bila mimi kuona. Bi hapa atabandika. Mimi nitamwonesha."

Nikasema hakuna taabu. Nikaketi ukingoni mwa kitanda kando ya nyonga za mama, nikimkabili, nikamfungua buibui na kumfunika kwa leso mbili mpaka shingoni, mikono yangu chini ya leso kama mtu anayekanda unga gizani. Muuguzi akasimama upande wa kichwa cha mama, akatupa mgongo, akatazama ukuta wenye bango la chanjo.

"Sasa Bi, nyekundu ni ya hapa," akasema, akanyanyua mkono mmoja na kujishika kifundo.

Nikatazama mgongo wake, nikaona mkono ulionyanyuliwa ni upi, nikaenda mkono wa mama ulio upande ule ule.

"Njano hapa." Akanyanyua mwingine. Kisha miguu, kijani na nyeusi, akitikisa kila mguu kama mtu aliyekanyaga maji. "Zile sita za kifuani, ya kwanza hapa, kando ya mfupa wa katikati." Kiwiko chake kikatokeza ubavuni. "Ya pili ng'ambo ya mfupa. Halafu zinaenda hivi, zinashuka, zinapinda, mpaka chini ya kwapa." Akainua kwapa alilolitaka, nami nikalifuata, kibandiko kwa kibandiko, huku mama akinong'ona kwamba mikono yangu ni baridi kama ya mwosha maiti.

"Tayari?"

"Tayari," nikasema, kwa ile sauti yangu.

Akageuka. Kila kitu kilikuwa chini ya leso, waya tu zikitoka kama mizizi. Akabonyeza, mashine ikalia kidogo na kutema karatasi yake ya miraba miraba. Muuguzi akaitazama. Akaiinua kwenye mwanga. Akaigeuza juu chini, kisha akairudisha.

"Bi," akasema taratibu, "ulibandika kama nilivyokuonesha?"

"Kama ulivyonionesha hasa."

"Nyekundu mkono wa kulia?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kufumba macho na kungoja sahani. Lakini nilikuwa nimekwisha kuzibandua waya, vibandiko vimekunjwa mkononi mwangu, na mama anafunga vifungo.

"Ndugu yangu," nikasema, "mimi nimesoma jometri chuo kikuu."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Aliinamisha kichwa kwa heshima, na heshima yake ikaniudhi. Akasema kwamba angependa kurudia, ila vile vibandiko ni vya kutumika mara moja na vilikuwa vya mwisho. Vipya viko njiani kutoka Mombasa, pengine wiki ijayo. Mama akasema hata vikiwa ghala nzima, yeye havuliwi tena. Basi muuguzi akaipiga picha ile karatasi na kumtumia daktari wa moyo Mombasa. Jibu likafika tukiwa bado tunavaa viatu. Akanisomea: ama waya zimegeuzwa, ama moyo wa mama huyu uko upande wa kulia wa kifua, jambo ambalo hutokea kwa watu wachache na huzaliwa nalo. Ikiwa mna hakika na waya, apigwe eksirei. Hatapasuliwa mpaka ijulikane.

"Mna hakika?" akauliza tena muuguzi.

"Tuna hakika," nikasema.

Eksirei inapigwa kwingine, na mwanamke anayeendesha mashine yake huja Jumatano. Kwa hiyo tulirudi nyumbani na siku mbili za kuishi bila kujua moyo uko wapi.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alifika kutoka Matondoni siku ile ile. Sikumpigia simu. Shangazi hapigiwi simu, habari humwendea zenyewe. Alikaa kitako, akakubali kahawa, akamtazama mama kifuani.

"Wifi, nasikia moyo wako umehama."

"Haukuhama. Waambiwa ulizaliwa huko huko."

"Basi kaka yangu hana kosa. Miaka thelathini akiutafuta upande mwingine."

"Kaka yako hakuutafuta moyo. Alikuwa akitafuta samaki wa kupaka."

Wakacheka mpaka shangazi akamwaga kahawa. Kisha mama akaanza kuzungusha pete yake.

"Nataka kuuliza kitu," akasema. "Mimi toka utotoni nalala kwa ubavu wa kuume, kufuata sunna. Ikiwa moyo wangu u kuume, miaka sabini nalikuwa nimeulalia?"

"Sunna haimdhuru mtu, wifi."

"Sikunena imenidhuru. Nauliza tu."

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, nilimkuta amelala chali, mikono pembeni, kama mtu aliyewekwa. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Alikuwa hajui alale wapi.

Hapo nikaacha kuona mzaha. Nilikuwa nimempeleka mtu mzima akafunguliwe macho, nikamrudisha akiogopa ubavu wake mwenyewe. Na ndani yangu kulikuwa na kitu kidogo kinachoniuma ambacho sikutaka kukitazama. Nikifanya makosa huwa natafuta kitabu. Nikachukua simu, nikaanza kusoma.

Nilichokisoma kilinifurahisha kuliko inavyompasa mwana mwenye mama mgonjwa. Karatasi ile yote imesimama juu ya dhana moja ya jometri, yenye umri mkubwa kuliko mama. Waliobuni kipimo hicho walisema hivi: tuchukulie kwamba mikono miwili na mguu wa kushoto ni ncha tatu za pembetatu. Tuchukulie kwamba pande zake zote ni sawa. Tuchukulie kwamba moyo umekaa katikati kabisa, kama nukta, na kwamba mwili uliouzunguka ni kitu kimoja laini chenye kupitisha umeme sawa kila upande, kama beseni la maji ya chumvi. Ukishakubali hayo, kila mstari wa karatasi ni upande mmoja wa pembetatu ukiutazama moyo kutoka ulipo, na kwa kulinganisha mistari unajua umeme unaelekea wapi.

Nikarudia kusoma. Tuchukulie, tuchukulie, tuchukulie. Nani aliyemwona mtu mwenye pande tatu sawa? Mama ana kibyongo cha miaka sitini ya kuinamia kofia. Bega lake moja liko juu ya lingine. Pafu ni hewa, mfupa ni mfupa, na moyo, kwa wenye nao mahali pake, umeegemea upande. Hilo si beseni la maji! Nikaona mwanga: waya zangu hazikuwa na kosa, wala moyo wa mama haukuwa na kosa. Aliyekosea ni pembetatu.

Nikachukua futi ya kushonea, nikamwendea mama barazani.

"Inua mkono kidogo."

Akainua. Nikapima bega kwa bega, inchi kumi na nne. Bega moja hadi nyonga, ishirini na moja. Bega la pili hadi nyonga, kumi na tisa kasoro. Nikaandika kwenye karatasi. Mama, ambaye haoni futi lakini anaitambua ikimgusa, aliifuata kwa kidole.

"Mwanangu," akasema, "wanipima sanda?"

"La, mama. Napima pembetatu."

"Ni nguo ya namna gani hiyo?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa dakika kumi, na beseni la maji nikaliingiza. Mama alisikiliza, kisha akasema kwamba hao waliobuni hawakuwa wajinga, hata yeye akikata kofia huchukulia kwamba kitwa ni duara, na hajaona kitwa cha duara maisha yake yote, na kofia zimewaenea watu.

Sikuwa nataka kusikia hayo. Nikamwomba muuguzi namba ya daktari wa Mombasa, nikamwandikia ujumbe mrefu. Ulikuwa na utangulizi. Nilimpa vipimo vya mama kwa inchi, nikamwuliza kwa upole kama elimu yake imewahi kujiuliza juu ya misingi yake. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, na nyuma yake nilisikia vyombo, kama mtu aliye kwenye chakula cha mchana.

"Dada yangu, nimecheka, nimefurahi," akasema. "Pembetatu hiyo si ya kweli, tunajua. Mwili si pembetatu, na moyo hauko katikati. Lakini tumekubaliana sote kukosea namna moja, ndiyo maana karatasi ya mtu wa Lamu naweza kuilinganisha na ya mtu wa Voi. Kibyongo cha mama kitasogeza mistari kidogo. Hakiwezi kuipindua yote namna ile. Karatasi yako imepinduka kama shati lililovaliwa ndani nje. Sikiliza, mashine haiuoni moyo. Inaamini tu kwamba waya nyekundu iko mkono wa kulia, kwa sababu imeambiwa hivyo. Sasa niambie, nani alibandika?"

Nilimsikiliza mara tatu. Kisha nikamjibu ile sehemu ya pembetatu.

Nitaulizwa kwa nini sikuweka mkono tu kifuani mwa mama nikahisi. Niliweka. Jumanne mchana, baada ya kula, nilimwambia akae, nikakaa mbele yake, nikaweka kiganja. Ulipiga. Nikajiambia: haya, upande gani? Nikafumba macho, nikaita sahani, mkono wangu wa wali ukatikisika, nikafumbua macho na kujaribu kuupeleka ule ukulia wangu ng'ambo, kwenye mwili wa mtu anayenitazama, na katikati ya safari ukanipotea. Nikahamisha kiganja upande wa pili. Huko nako kulikuwa na kitu, hafifu, huenda kilikuwa mapigo ya vidole vyangu. Mama alinivumilia. Shangazi, aliyekuwa akikuna nazi kando, akasema kwamba zamani mtu alikuwa na moyo mmoja na ulimtosha. Muuguzi nilipompigia akasema hata yeye siku ile alimsikiliza mama kwa kipimo cha masikio mgongoni tu, juu ya nguo, na mgongoni sauti huenea kote. Daktari anataka picha, akasema, si masikio yake wala kiganja changu.

Jumatano asubuhi tukaenda. Mwanamke wa eksirei alimwingiza mama ndani, dakika mbili, akamtoa. Picha ikatumwa kwa daktari Mombasa. Tukaambiwa muuguzi atatupigia majibu yakirudi, pengine baada ya sala ya alasiri. Njiani kurudi, punda mwenye mawe ya matumbawe alitubana ukutani, na mama akasimama ameukumbatia mkoba wake kifuani, katikati kabisa, asibahatishe upande.

Nyumbani akaomba kofia yake. Alikuwa na moja aliyoianza kabla macho hayajafunga kabisa, na alipenda kuishika. Nikakaa mbele yake. Akatafuta kitobo kwa ukucha, akaingiza sindano, akazungusha uzi, akakosea, akaurudisha.

"Nipe mimi," nikasema.

"Wewe?" Akacheka kwa pua. "Wewe nalikufunda ukiwa na miaka saba. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau, bali nilikuwa nimelifukia. Nilikaa mbele yake hivi hivi, kofia yake mkononi mwake na yangu mkononi mwangu, nikitazama sindano yake na kuifuata. Nilifuata vizuri sana. Kila alipokwenda huku nami nilikwenda huku. Nilipomaliza ua la kwanza, wenzangu wanne waliokuwa wakijifunza waliangua kicheko, kwa maana ua langu lilikuwa limezunguka kinyume cha maua yote ya mji huu. Mama hakucheka. Alinishika mabega, akanihamisha.

"Nikakwambia nini?" akauliza sasa.

"Keti nyuma yangu."

"Keti nyuma yangu, uone kwa bega langu. Wewe ukimwona mtu, wafuata upande uuonao, hufuati mkono. Wengine hugeuza wenyewe kitwani. Wewe hukujaaliwa."

Akarudi kwenye sindano yake. Nami nikabaki nimekaa, na yule muuguzi akasimama tena kichwani mwangu, mgongo wake wa shati lililopigwa pasi, akinyanyua mkono.

Alikuwa ametupa mgongo. Laiti angenikabili, mkono wake wa kulia ungekuwa upande ule ule wa mkono wa kulia wa mama, nami kwa ujinga wangu wa kufuata upande ningepatia. Laiti mama naye angelala kifudifudi, ningepatia. Lakini yeye alinipa mgongo na mama alinipa uso, na mimi nilichukua mwili mmoja nikauweka juu ya mwingine kama karatasi mbili, bila kuugeuza. Mikono, miguu, na vile vibandiko sita vilivyotembea mpaka kwapani. Kwapa lipi?

Niliinuka, nikaingia chumbani, nikasimama mbele ya kioo cha kabati, na hilo lilikuwa kosa. Kioo si rafiki wa mtu kama mimi. Nikarudi.

Nikajaribu kufikiri kama mtu aliyesoma. Ikiwa nilibandika sawa, karatasi ni ya kweli, na moyo wa mama uko kulia. Ikiwa nilibandika kinyume, karatasi ni picha ya kioo, na moyo wake uko kushoto kama wa watu. Nikatafuta njia ya tatu, ambapo mimi nimepatia na yeye ni mzima. Nilitafuta kwa bidii. Haikuwapo. Pembetatu ya watu wa kale haikuwa na hatia. Dhana yao kubwa kuliko zote, ambayo hata hawakuiandika, ilikuwa kwamba anayebandika waya anajua mkono wa kulia ni upi.

Lakini pia sikuwa na uhakika wa kinyume. Hicho ndicho kilichonitesa. Sikumbuki nyekundu niliishia kuibandika mkono upi chini ya leso. Huenda siku ile, kwa mara moja katika maisha yangu, niligeuza kichwani kama wengine. Hutokea. Mara nyingine hupatia. Nikajikuta nimekaa kwenye ukingo wa kitanda changu na mikono imeinuliwa, nikimwomba Mola jambo ambalo sijawahi kumwomba kwa moyo wangu wote: kwamba niwe nimekosea. Kwamba niwe mjinga, mwongo na mbishi mbele ya muuguzi, daktari na bibi wa Ndau, nikawe gumzo la shangazi mpaka Matondoni yote, lakini nimekosea.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Tukasali. Mama alimaliza, akabaki juu ya mswala. Simu ikalia.

"Bi," akasema muuguzi, "picha imesomwa."

"Uko wapi?"

"Kushoto. Mahali pake kabisa."

Nikamwuliza wanajuaje kwamba hawakuishika picha kinyume, maana kitu kama hicho kinaweza kumtokea mtu yeyote. Akasema, bila kucheka, kwamba kuna herufi huwekwa kando ya kifua kabla ya kupiga, ikatokea kwenye picha, na kwamba ini pia limeonekana upande wake. Daktari ameridhika. Ameshawaandikia wa macho. Mama aje kesho saa moja asubuhi.

"Amenena nini?" mama akauliza kutoka mswalani.

"Kushoto, mama. Kesho saa moja."

Alijilaza pale pale juu ya mswala, kwa ubavu wake wa kuume, akaweka kiganja chini ya shavu.

"Bi, upo?" akasema muuguzi. "Sasa ile karatasi ya Jumatatu iko kwenye faili. Lazima niandike kitu pembeni. Unisamehe, lakini..."

"Ulinyanyua mkono gani?" nikamuuliza. "Ulipotuonesha nyekundu."

"Wa kulia."

"Na ulikuwa umetupa mgongo."

"Niliwapa mgongo, Bi. Kwa heshima."

"Basi ndio niliofuata," nikasema. "Mgongo."

Nadhani naye alikuwa ananyanyua mkono wake huko aliko, akigeuka kwenye kiti. Kisha nikamsikia akibonyeza kalamu.

"Kwa hiyo niandike waya zilibandikwa kinyume."

"Andika."

"Na nani, Bi?"

"Binti yake," nikasema. "Andika ana shahada mbili."